Pete ya Njaa

Mzee Kipkemoi alipopimwa presha asubuhi ile ya Jumatatu, ilikuwa mia moja tisini na tatu juu, mia moja na kumi chini. Daktari wa macho aliitazama karatasi, akaiweka kando, kisha akavuta kiti karibu na mgonjwa wake.

"Mzee, nikifungua jicho na presha iko hapa, damu inaweza kujaa ndani tukapoteza hata hicho kidogo unachoona. Nitakubadilishia dawa. Punguza chumvi, lala vizuri, usikasirike. Urudi baada ya siku kumi."

"Siku kumi," Kipkemoi akasema. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wako na mama," akajibu Linah, binti yake. "Wewe utakaa kwangu."

Mzee alinyoosha mkono hewani mpaka ukalipata bega la Linah, akasimama.

Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili. Kipkemoi aliweza kutofautisha mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni aliona kivuli chake, basi. Hali hiyo alikuwa ameificha zaidi ya mwaka mmoja. Kule Olenguruone alijua kila njia ya shamba lake kwa nyayo, na ng'ombe wake tisa aliwajua kwa kuwapapasa, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Mkewe, Jepleting, ndiye aliyegundua, siku alipomkuta akimimina maziwa kando ya mkebe kwa utulivu kabisa, huku yakimtiririkia viatuni. Jepleting akampigia simu kitinda mimba wao mjini Nakuru. Hakumuuliza kama ana nafasi. Alisema tu, "Baba yako anakuja."

Linah alikuwa na miaka ishirini na saba, akiishi Kiamunyi katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili. Alikuwa akiandika tasnifu ya shahada yake ya pili kuhusu kombe, wale wanyama wa baharini wenye magamba mawili yanayofungana kama kitabu. Wake walikuwa wa aina moja tu, yenye jina la Kilatini, Lioconcha castrensis. Ni kombe mdogo, anatosha kwenye kiganja, gamba lake laini na lenye kung'aa, rangi ya maziwa, na juu yake mistari ya kahawia iliyojikunja pembe pembe kama mahema yaliyopangwa safu juu ya safu. Kwa miaka miwili Linah alikuwa akisafiri hadi kusini mwa pwani kila bahari ilipokupwa sana, anachimba mchanga kwa vidole, anapima, anarudisha wengi walikotoka, na wale alioruhusiwa kuchukua anarudi nao Nakuru ndani ya ndoo.

Kabla ya hapo alikuwa amesomea udaktari wa mifugo miaka miwili, akauacha. Hakumwomba baba yake ruhusa. Alimtumia ujumbe wa simu, Jepleting akamsomea mumewe kwa sauti wakiwa zizini. Kipkemoi hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Aliacha tu kuuliza. Linah akienda nyumbani Krismasi waliongea mvua, waliongea nyasi, waliongea harusi za watu, na kazi yake ikapitwa kando kama shimo la barabarani ambalo kila dereva analijua. Ilikuwa imefika miaka sita.

Ndivyo walivyoingia katika ile nyumba ya Kiamunyi, watu wawili wenye adabu nyingi.

Linah alimpa baba yake chumba cha kulala, yeye akalala kwenye kochi. Asubuhi alimpimia presha kwa mashine ndogo aliyoazimwa na Truphosa, jirani wa mlango wa pili ambaye alikuwa muuguzi mstaafu. Akampikia uji, akampa dawa, akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha linaloangalia Menengai. Mzee alielekeza uso mlimani kana kwamba anauona. Redio ilizungumza Kikalenjin. Linah akakaa mezani na magamba yake, lenzi, rula ya chuma na kompyuta, akaendelea na sura ya tatu, sura iliyokuwa imemkataa.

Profesa Nanyama, msimamizi wake, alikuwa ameirudisha mara mbili. Shida ilikuwa moja. Linah alikusanya kombe sehemu mbili: wengine kwenye mdomo wa mto, ambapo maji matamu huingia baharini, na wengine upande wa nje, karibu na mwamba. Kombe hukua kwa kujiongezea gamba ukingoni kidogo kidogo, na kipindi cha mwaka ambacho ukuaji hupungua huacha alama, mstari unaolizunguka gamba lote. Ukihesabu mistari, unapata umri. Kwa hesabu ya Linah, kombe wa mdomoni mwa mto walikuwa wadogo mno kwa umri wao. Wa miaka mitano alitoshana na wa miaka minne wa mwambani. Aliandika kwamba wanakua polepole. Profesa akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Kwa nini? Chakula ni kingi huko. Hesabu tena. Linah akahesabu tena, akapata yaleyale.

Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Siku ya tatu stima ikapotea tangu asubuhi, redio ikanyamaza, na ndani ya nyumba pakabaki sauti moja tu, ya magamba yakigusana.

"Ni nini hizo zinalia kama vijiko?" Kipkemoi akauliza.

Linah akaacha kuandika. "Ni kazi yangu, Baba."

Mzee akatikisa kichwa. Linah akasubiri neno jingine, halikuja. Ilibidi yeye ndiye ainuke. Alichagua gamba moja zima, lenye pande zote mbili, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti, akaliweka kwenye kiganja cha baba yake na kuvifunga vidole vyake juu.

Kipkemoi alilipima uzito. Akalipitisha shavuni. Akalinusa.

"Baridi kama kikombe," akasema. "Na ni laini. Nilidhani kitu cha bahari kitakuwa na miiba."

"Huyu hana. Akiwa na miiba atazama vipi mchangani?"

"Anaishi ndani ya mchanga?"

"Maisha yake yote. Ana mguu mmoja kama ulimi, anautoa hapa, anauchomeka chini, anajivuta. Akishazama anatoa mirija miwili tu. Mmoja unavuta maji, mwingine unatoa. Chakula kiko ndani ya hayo maji, vitu vidogo huwezi kuona."

"Kwa hivyo anakula kwa kupumua."

Linah hakuwa amewahi kulisikia likisemwa hivyo. "Ndiyo," akasema. "Anakula kwa kupumua."

"Na juu yake kukoje? Wewe unaona nini?"

Linah akamweleza. Rangi ya maziwa ya jana, yaliyokaa yakaanza kuwa ya manjano kidogo. Mistari ya kahawia inayopanda na kushuka. Akakishika kidole cha baba yake akakichoresha juu ya gamba, juu, chini, juu, chini, kufuata mchoro ambao kidole chenyewe hakikuweza kuuhisi.

"Kama mtoto amepewa karatasi akachora milima," akasema. "Mlima juu ya mlima mpaka nafasi ikaisha. Na hakuna wawili wanaofanana. Nimeangalia mamia."

Kipkemoi akaligeuza gamba kiganjani. "Sasa hayo marembo ni ya nani, kama amejifukia?"

"Hata wanaojua sana hawajui. Kuna wanaosema si ya mtu. Pale ukingoni mwa gamba kuna nyama laini, hiyo ndiyo inatoa gamba na hiyo ndiyo inatia rangi, kidogo leo, kidogo kesho. Ni kama kusuka kikapu. Ulichosuka jana huwezi kukifumua, unaendelea tu kutoka pale ulipoachia."

Mzee akalirudisha gamba mkononi mwa binti yake, taratibu, kama mtu anayerudisha yai. "Mungu ana kazi nyingi," akasema. Siku ya nne aliuliza kama hao kombe wana dume na jike, na siku ya tano akauliza huliwa na nani, Linah akamwekea kidole juu ya gamba lenye tundu dogo la mviringo, safi kama limetobolewa na fundi, akamwambia hiyo ni kazi ya konokono fulani wa baharini anayetoboa na kumfyonza mwenye nyumba. Kipkemoi alikizungusha kidole kwenye lile tundu kwa muda mrefu. Presha ilikuwa imeshuka hadi mia moja sitini na nane.

Siku ya sita dawa moja ikaisha. Linah aliondoka saa nne kwenda mjini kuitafuta. Duka la kwanza halikuwa nayo, la pili lilikuwa na foleni, na aliporudi ilikuwa saa saba kasoro. Alifungua mlango akamkuta baba yake ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, koti amelivua. Mbele yake kulikuwa na karai la kufulia na sufuria ya ugali, vyote vina magamba. Pembeni kulikuwa na makasha mawili ya plastiki ambayo Linah alikuwa ameyapanga kwa wiki nzima, sitini kutoka mdomoni mwa mto, sitini kutoka mwambani. Yote mawili yalikuwa matupu.

Linah aliiweka dawa juu ya meza.

"Baba, umefanya nini?"

"Umerudi. Nilikuwa nataka..."

"Umechanganya. Hizo zilikuwa sehemu mbili tofauti, na wewe umezichanganya."

"Sikuchanganya. Nimepanga."

"Umepanga nini? Hata huoni."

Akajisikia akilisema neno lile, na lilikuwa limeshatoka. Kipkemoi hakusogea. Mikono yake ilibaki juu ya mapaja.

"Hii kazi umeichukia tangu mwanzo," Linah akaendelea, sauti ikipungua badala ya kupanda. "Miaka sita hujaniuliza hata siku moja. Nikija nyumbani unaniuliza mvua ya Nakuru. Mimi sio mgeni, Baba. Ungenigombeza tu."

Linah akaikumbuka presha, akaogopa.

"Keti," baba yake akasema.

Akaketi sakafuni, upande wa pili wa karai.

"Sikuichukia. Sikuijua," Kipkemoi akasema. "Kanisani nilikuwa nimeshawaambia watu, Linah atakuwa daktari wa ng'ombe. Walifurahi, maana ndigana, ule ugonjwa wa kupe, inatumalizia ng'ombe kila mwaka. Halafu ukaandika ule ujumbe. Jumapili wakaniuliza, msichana anaendeleaje? Nikawaambia amehamia kombe. Wakaniuliza timu gani."

Linah alitaka kucheka lakini hakuthubutu.

"Nilidhani pia ni mambo ya mpira. Mama yako ndiye alinifafanulia, na yeye pia hakuwa na uhakika. Sasa mtu mzima atamuuliza mtoto wake jambo ambalo hata pa kuanzia hajui? Ningeuliza kitu cha ujinga ungenicheka. Nikaona ninyamaze. Halafu ukinyamaza mwaka mmoja, wa pili unakuwa mgumu zaidi."

"Singekucheka."

"Sasa najua. Zamani sikujua."

Nje watoto wa shule ya jirani walikuwa wametoka mapumziko, kelele zao zikaingia dirishani. Linah alijifuta uso kwa mkono. Hakukuwa na hasara yoyote, alijua. Kila gamba lilikuwa na nambari ndani yake, kwa wino mweusi. Kuyarudisha mahali pake ilikuwa kazi ya saa moja.

"Umepanga nini?" akauliza tena, mara hii kwa kutaka kujua.

Uso wa Kipkemoi ukabadilika. Alipapasa karai, akatoa gamba, akaushika mkono wa Linah na kuiweka kucha ya kidole gumba chake katikati ya gamba.

"Vuta kuelekea ukingoni. Polepole. Umesikia hapo?"

"Mstari wa ukuaji."

"Endelea. Na hapo?"

"Mstari mwingine."

"Rudia. Usiangalie. Funga macho."

Linah akafumba macho. Kucha ikapita kwenye mstari wa kwanza, ikainama kidogo na kuinuka. Ikapita wa pili vilevile. Wa tatu haukuinama. Kucha ilidondoka, kama mguu uliokosa ngazi gizani.

"Umesikia," baba yake akasema. Halikuwa swali. "Ng'ombe akizaa, pembe yake inaweka pete. Sasa pete ya kuzaa inakuja polepole. Chakula kinaenda kwa ndama, pembe inapungua kidogo kidogo, halafu inarudi kidogo kidogo. Ukipitisha kucha ni bonde. Unashuka, unapanda. Lakini kuna pete nyingine, ya njaa. Kiangazi kikali, au ugonjwa, au ng'ombe amepotea siku nyingi. Hiyo haina bonde. Kucha inaanguka. Kila kitu kilisimama siku moja, na kilipoanza tena kilianza chembamba."

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Wachuuzi walikuwa wanapiga pembe tupa pete zifutike, ng'ombe mzee anaonekana mtamba mchanga. Ukitegemea macho unaibiwa. Lazima kidole kijue." Akagonga karai. "Hawa wameona njaa. Wale wa sufuria hawajaona. Sijui njaa gani, bahari siijui. Lakini ni moja, iliwapata wote pamoja, kwa sababu kutoka hapo hadi ukingoni nafasi ni ileile."

Linah alilivuta karai karibu. Akageuza gamba la kwanza, akasoma nambari. Mdomo wa mto. La pili, mdomo wa mto. La tatu, la nne, la kumi. Alianza kuandika kwenye karatasi. Chakula cha mchana kikasahaulika. Alipomaliza, karai lilikuwa na magamba hamsini na saba; hamsini na manne yalitoka mdomoni mwa mto, matatu tu mwambani. Sufuria ilikuwa na sitini na matatu. Sita ya mdomoni, yaliyobaki yote ya mwambani. Baba yake, ambaye hakuweza kuiona hata rangi ya karai, alikuwa amezitenganisha sehemu mbili za bahari ambayo hajawahi kufika.

Na sura ya tatu ikajieleza yenyewe. Kombe wa mtoni hawakuwa wanakua polepole. Mmoja wa ile mistari aliyohesabu haukuwa mwaka. Walikuwa wadogo kwa umri wao kwa sababu umri wenyewe ulikuwa umeongezwa. Wa miaka mitano alikuwa wa miaka minne, sawa na ndugu zake wa mwambani, ila alikuwa amepitia jambo.

"Baba, ile mvua kubwa ya mwisho wa elfu mbili ishirini na tatu unaikumbuka?"

"Nitaisahau? Barabara ilikatika, tukamwaga maziwa wiki mbili. Ndama wawili wakafa kwa matope. Kuna mtamba nyumbani ana pete ya mvua hiyo, nenda umshike."

"Nilipokusanya hawa, ilikuwa imepita mwaka mmoja na nusu hivi. Mahali pale mto ulishusha udongo mwekundu mpaka bahari ikawa kama chai. Wavuvi walinieleza, nikaandika kwenye daftari, nikasahau." Alikuwa akizungumza haraka sasa. "Kombe hawezi kukimbia. Udongo ukija anafunga mlango, anakaa."

"Bila kula."

"Bila kula na bila kupumua vizuri. Mpaka maji yasafike."

Kipkemoi alichukua gamba moja kwenye karai akalifunika kwa viganja viwili. "Maskini," akasema, kwa sauti ambayo Linah aliijua, ile aliyokuwa akiitumia zizini.

Jioni Linah alimpigia simu Profesa Nanyama, ambaye alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Usiandike njaa," profesa akasema. "Andika kusimama kwa ukuaji. Na kidole cha mtu si kipimo, Linah. Chukua magamba kumi, yakate, uangalie kwenye darubini. Kama ni kweli kutaonekana ndani." Kisha akauliza, "Huyo mzee alifanya yote kwa saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Mwambie asante."

Siku zilizobaki zilikuwa tofauti. Linah alisogeza meza karibu na dirisha. Baba yake alipapasa, yeye akaandika, na baadaye akalinganisha na alichokiona kwenye lenzi. Walibishana. Kulikuwa na magamba ambayo mzee alishikilia kuwa yana pete mbili za njaa, na Linah hakuona hata moja. Kuna mahali yeye alikuwa sahihi na mahali baba yake alikuwa sahihi. Jepleting alituma mursik, maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu kupitia kwa jirani aliyekuwa akija mjini, na alipopiga simu jioni akataka kujua kwa nini wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja. Siku ya kumi presha ilikuwa mia moja arobaini na sita kwa themanini na nane. Daktari alifungua jicho la kulia.

Bandeji ilitolewa asubuhi iliyofuata. Kipkemoi alipepesa. Kwanza aliitazama sweta ya muuguzi, iliyokuwa ya buluu. Akautazama mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma. Halafu akamtazama Linah, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango akijifanya anasoma tangazo ukutani.

"Umekonda," akasema.

"Nimekuwa hivi miaka mingi, Baba."

"Njoo hapa kwenye mwanga." Alimshika kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku. "Umekuwa kama mama yangu. Hakuna aliyeniambia."

Nyumbani Linah alikuwa ameyatandaza magamba yote juu ya shuka mezani. Mzee alisimama pale bila kuketi. Mchana ulikuwa na jua, na rangi ya maziwa ya magamba ilichukua mwanga wa dirisha, mistari ya kahawia ikapanda na kushuka juu yake, mingine myembamba kama nywele, mingine mipana, mingine imekutana na kuwa wingu jeusi upande mmoja. Kipkemoi aliinama. Akaanza kuyagusa moja moja na kuyaita kwa sauti ya chini, kama alivyoita ng'ombe walipokuwa wakiingia jioni. Huyu ni Chelel, mweupe karibu wote. Huyu ni Chetui, ameingiwa na weusi. Huyu madoa yameshuka mbavuni, ni kama yule tuliyempa dada yako alipoolewa.

"Ulisema hakuna wawili wanaofanana," akasema.

"Hakuna."

"Ulisema kweli."

Kisha akajaribu kuitafuta pete ya njaa kwa jicho lake jipya. Aligeuza gamba kwenye mwanga huku na huku, akakunja uso. Haikuonekana. Akafumba jicho, akapitisha kucha, akaipata.

Magamba kumi yalikatwa kwenye maabara ya chuo wiki ileile. Manane yalionyesha mkato mmoja mkali ndani, mahali palepale. Mawili hayakuonyesha kitu, na mpaka leo Linah hajui kwa nini. Profesa aliikubali sura ya tatu baada ya kuirudisha mara moja zaidi, kwa ajili ya nukta na majedwali.

Kipkemoi alitakiwa kurudi kliniki baada ya wiki moja kukaguliwa, kabla ya kwenda nyumbani kusubiri zamu ya jicho la pili. Walikaa kwenye benchi refu la ukumbini, wagonjwa kama kumi na wawili, wengi na bandeji upande mmoja. Karibu na mzee alikaa mama mmoja kutoka Bahati aliyejitambulisha kwa jina la Wangeci, na baada ya kuulizana habari za mahindi na za macho, mama huyo akamtazama Linah.

"Huyu ni msichana wako? Anafanya kazi gani?"

Linah alikuwa na jibu tayari, lile fupi alilolitumia kwa watu wa nyumbani, kwamba anasoma. Lakini baba yake aliwahi.

"Anachunguza kombe," akasema. "Si kombe la mpira. Ni mnyama wa bahari. Ana nyumba yenye milango miwili, amechorwa milima yote, mizuri hujaona. Na hakuna anayemwona, kwa sababu amejifukia mchangani."

"Sasa anakula nini huko?"

"Anakula kwa kupumua. Ana pua mbili. Moja inavuta maji, nyingine inatoa. Ana mguu mmoja. Na mama na baba hawajuani. Kila mmoja anamwaga mbegu yake majini, mtoto anazaliwa huko huko, anabebwa na mawimbi wiki nyingi akitafuta mchanga anaoupenda. Akiupata anashuka, hahami tena."

"Kama hawa watoto wetu wa siku hizi," Wangeci akasema. "Ila hawa hawashuki."

Mwanamume aliyekuwa mwisho wa benchi akainama mbele ili asikie vizuri. Kipkemoi akapandisha sauti kidogo kwa ajili yake. Akawaeleza kuhusu konokono mwenye kutoboa. Akawaeleza jinsi udongo ukishuka kutoka juu kombe anavyofunga milango yote na kungoja, na jinsi siku hizo zinavyoandikwa kwenye gamba lake zisifutike. Alisema kombe huishi miaka mia moja, jambo ambalo si kweli kwa huyu, na akasema binti yake ndiye wa kwanza kulijua hili katika Kenya nzima, jambo ambalo Linah hakuwa na njia ya kulithibitisha. Hakumsahihisha. Alikaa ameshika faili la hospitali mapajani, akasikiliza.

Sista alitoka mlangoni akaita, "Kipkemoi." Hakuna aliyejibu. Akaita tena.

"Anakuja," Linah akasema. "Anamalizia kuwaeleza."